Voi hadi Taveta: Kaa Dirishani

Ukiwa Voi ukisema unaenda kupanda treni, kila mtu anajua ni ile ya SGR. Unapiga selfie, unashuka Miritini, unaposti, basi. Lakini hapa mjini kuna reli nyingine, ile nyembamba ya upana wa mita moja, inayotoka stesheni ya zamani na kukata kuelekea magharibi, kama kilomita 110 hadi Taveta. Mimi ni mtoto wa Voi na sijawahi kusafiri nayo hata siku moja. Nyanya yangu alisafiri nayo mpaka akaizoea kama jikoni kwake.

Jumatano alinipigia simu nimsindikize soko la Taveta. Niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo kwangu Jumatano ni kama Jumapili tu. Tukapanda mathree. Akaniambia, "Kaa dirishani, utaiona."

Na kweli utaiona. Inatokea, inapotea vichakani, inatokea tena. Mwatate, Bura, Maktau: nyanya alikuwa akizitaja kabla konda hajafungua mdomo. Hizo zilikuwa stesheni zake.

Sasa sikiza, hii reli haikujengwa kwa ajili ya abiria. Agosti 1914 Wajerumani kutoka Tanganyika waliiteka Taveta. Waingereza wakataka njia ya kupeleka askari na maji, maana huko ni kukavu, hata leo utaona vumbi tu na ndovu. Wakaanza kulaza vyuma kutoka Voi mwaka 1915, na kufikia katikati ya mwaka huo walikuwa Maktau. Karibu na Taveta kuna kilima kidogo, Salaita. Usikidharau. Tarehe 12 Februari 1916 askari wa Afrika Kusini walijaribu kukipanda wakafukuzwa vibaya. Mwezi uliofuata Taveta ikakombolewa, reli ikasonga mbele hadi Kahe na kuungana na ile ya Wajerumani ya Tanga na Moshi.

Maktau na Taveta kuna makaburi ya askari, yametunzwa vizuri. Lakini wale wapagazi waliobeba mizigo, Waafrika wenzetu, wengi wao hawakuwekewa hata jiwe lenye jina. Tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi hayo ilikiri jambo hilo mwaka 2021. Miaka mia moja baadaye! Nilipomwambia nyanya, hakushangaa. Alisema kwao kulikuwa na mtu aliyeenda na hakurudi, na hakuna aliyekuja kuuliza.

Ila vita vikiisha reli haijui kilichoileta. Nyanya alipokuwa msichana, mama yake alikuwa akienda nayo Taveta kununua ndizi na kuziuza Voi, naye akarithi biashara. Ada ya shule ya mamangu ilitoka kwenye mikungu hiyo. Wengine walipitiliza hadi Moshi kuona ndugu. Halafu 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka ukafungwa, haukufunguliwa hadi 1983. Ndugu wa Moshi wakawa watu wa barua. Kwa nyanya historia ya Jumuiya ni hiyo tu, hayo mambo ya marais hayamhusu.

Ukitaka kuifuata, panda gari asubuhi siku ya soko, Jumatano au Jumamosi. Beba maji. Usilale baada ya Maktau, hapo ndipo wanyama wanaonekana. Na kama una mzee nyumbani, nenda naye, maana bila nyanya mimi ningeona vyuma vya kutu tu.

Kurudi tulikuwa na gunia la ndizi. Konda akalilipisha kama abiria. Nyanya akahesabu pesa polepole, akampa, kisha akageukia dirisha.

"Hapo Bura," akasema, "treni ilikuwa inasimama kitambo. Ulikuwa unapata nafasi ya kunywa chai."