Injini Inapogonga Kamsamba

Barabara ya kutoka Mlowo kwenda Kamsamba huacha mashamba ya kahawa ya Mbozi na baridi yake, ikateremka hadi Bonde la Rukwa, ambako joto hukupokea kabla hujaona nyumba. Kuteremka hakumsumbui dereva. Shughuli iko kwenye kupanda, hasa baada ya mavuno, Fuso likiwa limejaa magunia ya mpunga au ufuta na tajiri anasubiri mzigo Tunduma. Kilichokuwa kinagonga kidogo kidogo kwenye tambarare, ambacho suka alikifunika kwa kuongeza sauti ya redio, mlimani hakifichiki tena. Wenye busara hugeuza wakarudi Kamsamba. Wabishi huendelea, na injini ikinoki katikati ya kona hulala porini wakilinda magunia.

Hapa ni ukingoni mwa mto Momba, unaomwaga maji yake Ziwa Rukwa na ulioipa jina wilaya iliyomegwa kutoka Mbozi mwaka 2012, miaka minne kabla ya Songwe kuwa mkoa. Wenyeji ni Wawanda; wako Wanyamwanga, na wako Wasukuma walioshukia bondeni na ng'ombe wao wakageuka pia wakulima wakubwa. Ng'ambo ya daraja ni Kilyamatundu, mkoa wa Rukwa. Watu hawa wana lugha zao, vyakula vyao na namna zao za kuzika na kuoa, na hayo yameandikwa na yataendelea kuandikwa. Mimi navutiwa na desturi moja isiyo ya kabila lolote, waliyoijenga pamoja kwa sababu ya umbali: namna ya kulisikiliza gari linalogonga.

Jambo la kwanza ni kwamba fundi haanzi na boneti. Salamu kwanza, na si ya kupita; dereva ataulizwa hali ya mvua huko alikotoka, bei ya mpunga, habari za msiba uliosikika. Kisha dereva anaambiwa akae, benchi ipo chini ya mwembe, aeleze. Huzungumza dereva, halafu utingo, halafu abiria yeyote aliyekuwa kwenye kebini. Tajiri akiwepo huachiwa mwisho, maana mara nyingi anachojua ni hesabu ya jioni tu. Mgeni kutoka mjini huona hapa wanamchelewesha. Lakini maswali yenyewe si ya kupoteza muda. Inagonga asubuhi ikiwa baridi au hata ikishapata moto? Ikiwa tupu au na mzigo? Ukikanyaga mafuta au ukiachia? Ilianza lini, na siku hiyo mlijaza mafuta wapi?

Kila jibu hufunga mlango mmoja. Mlio wa kugonga unaosikika asubuhi na kufifia injini ikipata joto huelekea kwenye pistoni iliyolegea ndani ya silinda. Chuma kikipata moto hutanuka na nafasi hupungua. Unaozidi injini ikipata moto ni habari mbaya zaidi, kwa sababu oili ikichemka inakuwa nyepesi na beringi iliyolika haina tena utando wa kuitenga na klenki. Kwenye gari dogo la petroli, kelele kama ya kokoto inayosikika mlimani tu, na kunyamaza ukiachia mafuta, huenda si chuma kabisa. Ni petroli inayolipuka kabla ya wakati wake, kwa sababu taimingi imehama au mafuta yenyewe ni mabovu. Ndiyo maana fundi huuliza chupa. Vijijini petroli huuzwa kwenye chupa na vidumu pembeni ya barabara, na Mtanzania yeyote anakumbuka enzi za uchakachuaji, mafuta ya taa yalipokuwa ya bei ya chini kiasi kwamba kuyachanganya ilikuwa biashara. Mamlaka ya kudhibiti nishati na maji, EWURA, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka uliofuata serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuua faida hiyo. Uchakachuaji ulipungua. Swali la chupa limebaki.

Baada ya maelezo inachomolewa stiki ya oili. Hii hufanywa hadharani, dereva na tajiri wakiwa wamesimama pale, na nitaeleza baadaye kwa nini. Fundi huifuta, huirudisha, huichomoa tena, kisha huipaka oili kidogo kwenye kiganja na kukigeuza juani. Punje zinazometa rangi ya shaba humaliza nusu ya mjadala, kwa kuwa ndani ya injini rangi hiyo mara nyingi hutoka kwenye beringi.

Kisha gari linalala. Ni kanuni, na ndiyo inayozua ugomvi mwingi na wenye haraka. Injini iliyotoka barabarani haiwezi kueleza inavyoamka, kwa hiyo Fuso hubaki gereji usiku kucha, dereva akijikunja kwenye kebini, na alfajiri huwashwa watu wakiwa wameshajipanga.

Hapo ndipo desturi hii inaponipendeza zaidi. Utingo yuko kwenye usukani kusubiri ishara. Mafundi wawili watatu wamezunguka injini, na mwenye umri mkubwa ameshika bisibisi ndefu, ncha yake kwenye bloku, mpini umebanwa sikioni. Anaanza juu, kwenye kava ya tapeti, anashuka ubavuni, anaishia karibu na sampu. Anasikiliza mahali na anasikiliza mwendo. Injini ikiwa sailensa kwa mizunguko 600 kwa dakika, shafti inayosukuma valvu inazunguka 300 tu, kwa hiyo tapeti iliyolegea hulia kwa mwendo wa nusu, kikavu na kijuujuu. Tajiri anaweza kupumua, kazi ni ya fila na spana, nusu siku imekwisha. Konrodi haina nusu. Inakwenda na klenki, na sauti yake ni nzito, inatoka chini, na inazidi pale unapokanyaga na kuachia ghafla. Beringi za mein ni nzito zaidi, unazihisi kwenye bodi kabla ya kuzisikia.

Bado haijulikani ni silinda ipi. Kwenye injini za zamani kama 6D16, ambazo pampu yake ni ya chuma kitupu na haina umeme wa kuidhibiti, nati ya bomba la noza hulegezwa kidogo, dizeli inachuruzika nje na silinda hiyo inakufa. Injini inatetemeka lakini mlio wa kugonga uko pale pale. Inakazwa, wanahamia ya pili. Ya tatu. Ya nne inapolegezwa mlio unapungua, na wote waliopo wanaangaliana. Inakazwa, mlio unarudi. Inalegezwa tena ili hata tajiri asikie kwa masikio yake. Namba nne, basi. Ifahamike kwamba mchezo huu haufai kabisa kwa injini mpya za reli ya pamoja (common rail), ambamo dizeli ina mgandamizo wa kupenya ngozi ya mkono. Gari la aina hiyo likigonga Kamsamba huambiwa liende mjini likapimwe kwa kompyuta, ingawa beringi iliyolika mara nyingi haiandiki kosa lolote kwenye kompyuta.

Masikio haya hayakufundishwa na gereji peke yake. Bondeni watoto hukua karibu na mashine za kukoboa mpunga, na mtu aliyelala nyumbani hujua kwa mlio kama mashine imebeba au inazunguka tupu, kama mwendeshaji amezidisha, kama kesho italala. Kijana anapokuja kujifunza kwa fundi, anaposhika spana kwa mara ya kwanza anakuwa ameshasikiliza dizeli utoto wote. Wapo waliopitia VETA na wapo waliojifunzia kwenye malori ya Tunduma, mpakani na Zambia, ambako foleni ya magari ya mizigo ni shule isiyofungwa.

Ila kuna sehemu ya desturi hii nisiyoikubali. Kijana hasemi mpaka mkubwa aseme. Mkubwa akitamka "namba nne", aliyesikia namba tano humeza mate na kusubiri injini ifunguliwe. Heshima kwa mwenye mvi ni jambo jema sebuleni. Kwenye injini inaweza kugharimu sampu kushushwa mara mbili. Nimeona fundi mmoja mwenye njia bora: huwauliza wadogo kwanza, mmoja mmoja, pembeni, yeye akizungumza mwisho. Watu wa baraza la kijiji wangemwelewa mara moja.

Sampu ikishuka, mambo huwa ya bayana. Kofia ya konrodi inafunguliwa, beringi inatoka ikiwa imechubuka mpaka shaba, wakati mwingine imezunguka kwenye kiti chake. Klenki ikiwa laini bado, beringi mpya za standadi zinatosha. Ukucha ukikwama kwenye mikwaruzo, klenki hutolewa, hufungwa kwenye gunia na kupandishwa basi kwenda mjini kuchongwa, na beringi za saizi inayofuata huagizwa kwa simu: 0.25 milimita, au 0.50 kama imeliwa sana. Kila kipuri kilichotolewa hufungwa kwenye kitambaa na kukabidhiwa kwa tajiri. Hata kama hana la kufanya nacho anakichukua, maana akikiacha maneno yataanza kwamba alibadilishiwa hewa.

Sasa ile stiki. Injini imegonga, nani anailipa? Suka akiwa wa kuajiriwa atasema gari lilikuwa bovu tangu alipokabidhiwa. Akiwa deiwaka, dereva wa kibarua, atasema alilishika siku mbili tu. Tajiri atasema wote walikuwa wakikimbiza hesabu na kusahau oili. Fundi akiingia katika ugomvi huo anapoteza mteja, upande wowote atakaoshika, na Kamsamba wateja si wengi. Kwa hiyo kipimo cha oili kimeshachukuliwa mapema, kabla ya injini kuwashwa, mbele ya macho ya wote na ya mama anayeuza chai pale. Ikiwa ilikuwa chini ya alama, kila mtu aliiona. Yanayofuata ni kati ya tajiri na dereva wake, na mara nyingi huishia kwa hesabu kukatwa kidogo kidogo kwa miezi, au kwa deiwaka kuonekana wiki inayofuata kwenye gari jingine, akipakia ufuta wa mtu mwingine.