Njia ya Mwongo Fupi: Mshale Uliotaka Kuitua Ndege Baharini

Usiku wa Julai 29, 2000, ndege aina ya Boeing 767 ya shirika la Air New Zealand, safari namba 60 kutoka Auckland, ilikuwa inashuka kuelekea uwanja wa Faleolo, nchini Samoa. Mbele ya marubani, mshale unaoonyesha njia ya kushukia ulikuwa umetulia katikati kabisa. Hakuna onyo lililojitokeza. Kwa rubani hiyo ni habari njema, maana yake ndege haiko juu mno wala chini mno.

Kumbe ilikuwa inaelekea majini. Marubani walibaini kwamba mwinuko waliokuwa nao haulingani na umbali uliobaki, na kwamba taa za kisiwa cha jirani ziko karibu kupita kiasi. Wakaongeza nguvu ya injini na kupaa upya. Walikuwa wamefika chini ya futi 400, ilhali uwanja ulikuwa bado maili tano na nusu za baharini mbele yao. Mahali pale walistahili kuwa kwenye futi 1,800 hivi. Walizunguka, wakashuka tena bila kuutegemea mshale ule, wakatua salama.

Kilichowaponza ni mfumo uleule unaotegemewa duniani kote kutua usiku, kwenye mvua na kwenye ukungu. Marubani huuita ILS. Chini uwanjani kuna mitambo miwili ya kurusha mawimbi ya redio. Mmoja husimama ng'ambo ya mwisho wa njia ya kurukia na humwonyesha rubani kulia na kushoto. Wa pili husimama kando ya njia hiyo, karibu na mahali magurudumu yanapogusa ardhi, na humwonyesha juu na chini, kwa kawaida kwenye mteremko wa nyuzi 3.

Mtambo huu wa pili hubeba milio miwili katika wimbi moja: wa mitetemo 90 kwa sekunde na wa mitetemo 150. Ndege ikiwa juu ya njia, mlio wa 90 huwa na nguvu zaidi. Ikiwa chini, wa 150 hushinda. Ikiwa njiani barabara, milio hulingana na mshale hukaa katikati. Kwa hiyo mshale haupimi ndege ilipo. Unapima tofauti kati ya milio miwili tu, na mizani isiyo na kitu nayo hulala sawa.

Hicho ndicho kilichotokea Samoa. Sehemu ya mawimbi inayoleta tofauti kati ya juu na chini haikuwa inarushwa. Iliyobaki ilibeba milio yote miwili kwa nguvu sawa kila mahali, hivyo popote ndege ilipokuwa, mshale ulisema sawasawa. Kibendera cha onyo nacho hakikutokea, kwa sababu hutokea pale milio inapokosekana au kufifia, na milio ilikuwepo.

Chini uwanjani kulikuwa na kinga ambayo ingetosha. Kila mtambo wa aina hii huwa na kifaa cha kuuchunguza na kuuzima ndani ya sekunde chache ukianza kutoa mawimbi mabovu. Lakini mtambo wa Faleolo ulikuwa umeachwa katika hali ya matengenezo, ambapo kifaa hicho hakiwezi kuuzima. Waongozaji ndege mnarani nao hawakuwa na habari, kwani kebo ya kuwapelekea taarifa za mtambo ilikuwa imekatika.

Marubani wana desturi ya kusikiliza herufi za utambulisho za uwanja, zinazopigwa kwa alama za Morse, kabla ya kuuamini mtambo. Desturi hiyo ni ya lazima: inathibitisha kwamba wamefungua masafa ya uwanja wanaouendea. Ila herufi hizo hutoka kwenye mtambo wa kulia na kushoto. Ule wa juu na chini hauna utambulisho wake. Rubani anaweza kuzisikia herufi zote bila kasoro huku mtambo wa mteremko ukiwa mgonjwa.

Ndege maalumu za ukaguzi nazo hupita viwanjani kwa vipindi, zikipima mawimbi kutoka angani. Lakini ukaguzi wa mwezi uliopita hauwezi kuthibitisha mawimbi ya usiku wa leo. Uthibitisho wa mwisho humwangukia rubani, na chombo chake ni hesabu.

Kwenye mteremko wa nyuzi 3, ndege hushuka takriban futi 320 kwa kila maili moja ya baharini. Maili nne kabla ya njia ya kurukia, inapaswa kuwa kama futi 1,300 juu ya uwanja. Dar es Salaam, ambako uwanja uko karibu na usawa wa bahari, kipima mwinuko kitasoma pungufu kidogo ya futi 1,500. Nairobi, ambako uwanja uko zaidi ya futi 5,300 juu ya bahari, kitasoma futi 6,600 na ushei. Tarakimu hizi huchapishwa kwenye ramani ya kutua. Rubani mmoja hutaja umbali na mwinuko, mwenzake huhakiki. Zikipishana, mshale haupewi nafasi ya kujitetea.

Hesabu hiyo nayo inataka kujua umbali unapimwa kutoka wapi. Agosti 6, 1997, Boeing 747 ya Korean Air, safari namba 801, ilikuwa inashuka usiku kwenye mvua kuelekea Guam. Mtambo wa mteremko ulikuwa umezimwa kwa matengenezo, tangazo lilikuwa limetolewa, na mwongozaji ndege aliwaambia marubani kwamba hautumiki. Hata hivyo walianza kuulizana kama unafanya kazi. Kipima umbali cha pale hakikuwa uwanjani. Kilikuwa kwenye kilima cha Nimitz, zaidi ya maili tatu kabla ya njia ya kurukia. Ndege ilikigonga kilima hicho. Kati ya watu 254 waliokuwemo, 228 walikufa.

Air New Zealand iliyageuza ya Samoa kuwa filamu ya mafunzo, ikaiita somo la bure, na marubani wa mashirika mengine pia wameitazama. Wanachofundishwa ni kutokubali ushahidi wa chombo kimoja, hata kikiwa hakina dosari ya kuonekana.

Abiria naye ana lake la kuchukua. Ndege inapokaribia kutua, kisha ikanguruma na kupaa tena, wengi hunung'unika kwamba wamecheleweshwa, na wengine huingiwa na hofu. Sababu huwa nyingi: upepo, ndege nyingine bado iko njiani, au mawingu yaliyokaa chini. Mara chache ni kwa sababu tarakimu mbili hazikukubaliana. Katika hali zote hizo rubani amefanya kazi aliyoajiriwa kuifanya, na dakika 15 za kuzunguka ni bei ndogo.