Uvimbe wa Shingo Usiouma

Mzee mmoja alifika ofisini kwetu kuuliza habari za ng'ombe wa maziwa, akiwa na binti yake aliyejifunga kitambaa shingoni. Nilidhani ni baridi tu. Kumbe chini ya kitambaa palikuwa na uvimbe kama yai la kuku, na kando yake kidonda chenye usaha. "Ulikuwa hauumi," akasema mzee, "basi tukangoja. Kisha jirani akaupasua kwa wembe."

Ndugu msomaji, wengi wetu hukosea hapo. Twadhani kisichouma si ugonjwa. Lakini kifua kikuu, licha ya jina lake, hakikai kifuani tu. Huweza kushika tezi za shingo. Tezi huvimba polepole kwa majuma mengi, na pengine mgonjwa hupata homa, hutoka jasho usiku na kukonda. Ukiupasua nyumbani, kidonda chaweza kukaa miezi bila kufunga.

Si kila uvimbe wa shingo ni kifua kikuu. Hospitalini huvuta maji kidogo ya tezi kwa sindano na kuyapima. Ukionekana ndio ugonjwa wenyewe, dawa humezwa kila siku, kwa kawaida miezi 6, na katika hospitali za serikali ya Kenya hutolewa bila malipo. Jihadhari na jambo moja: tezi huweza kuvimba zaidi wakati dawa inafanya kazi. Usiache dawa, rudi kwa daktari.

Mara nyingi vijidudu hivi hutoka kwa mtu mwenye kikohozi cha kifua kikuu. Lakini ng'ombe naye ana kifua kikuu chake, nacho hupita katika maziwa mabichi. Ng'ombe huyo aweza kuonekana mnene na mzima kabisa. Chemsha maziwa mpaka yatokote, hata yale unayotaka kugandisha, maana uchungu wa maziwa lala si dawa ya kutegemea. Daktari wa mifugo hupima kwa kumdunga ng'ombe sindano ndani ya ngozi ya shingo, kisha hurudi baada ya saa 72 kutazama kama pamevimba.

Yule mzee aliomba ng'ombe wake 3 wapimwe. Mmoja alivimba. Binti alimaliza dawa zake. Kovu lipo, lakini kitambaa hajifungi tena.