Kisu chepesi cha Marekani: bei ya dukani si ya mwisho

Visu vingi ghali vya kuwindia vya Marekani hutumia chuma cha CPM MagnaCut, kilichobuniwa na Larrin Thomas na kutangazwa mwaka 2021. Chuma hicho hakivunjiki wala kushika kutu kwa urahisi, hivyo ubapa huweza kuwa mwembamba na kisu kikawa chepesi.

Waagizaji wa Kenya, Uganda na Tanzania wapige hesabu mapema. Kwa mzigo wa meli, ushuru hukokotolewa kwa bei pamoja na bima na nauli. Kisu cha kukunja huingizwa kwa namba 8211.93, kisichokunjwa 8211.92. Kushusha bei kwenye ankara ni kosa kisheria, na faida yote yaweza kuishia forodhani.