Mizani ya Visawe

Chumba kimoja cha udongo na mabati huko Silanga, kijiji cha Kibera kilicho ubavuni mwa Bwawa la Nairobi, kina majina mengi kuliko madirisha. Mwenye kukikodisha hukiita nyumba, maana kodi ya nyumba hudaiwa bila haya. Gazeti hukiita kibanda. Waraka wa serikali hukihesabu katika makazi duni, au, ukitaka kuonyesha adabu, katika makazi yasiyo rasmi. Na kijana anayelala humo, kwa fahari ya mtu mwenye ufunguo wake, hukiita keja. Ukuta hauongezeki wala haupungui kwa jina lolote kati ya hayo, lakini moyo wa msikiaji hupanda na kushuka, na mwendo huo wa moyo ndio ambao wataalamu wa elimu ya nafsi wameutafutia kipimo.

Mwaka 1957 Charles Osgood, akishirikiana na George Suci na Percy Tannenbaum, alitoa huko Marekani kitabu juu ya upimaji wa maana. Kwa njia yao, mtu hupewa neno, kisha akaonyeshwa jozi za sifa zinazopingana, kama zuri na baya, lenye nguvu na dhaifu, la haraka na la polepole, na baina ya ncha mbili za kila jozi mna daraja 7 ambazo huchagua moja. Majibu ya watu wengi yalipofanyiwa hesabu, jozi hizo zilielekea kukusanyika katika mambo matatu, yaani uzuri, nguvu na wepesi, la kwanza likiwa na uzito kuliko mengine. Ndipo ilipobainika kwamba maneno yanayokaa pamoja katika kamusi huweza kuachana mbali katika mizani.

Mwaka 2013 ilichapishwa orodha ya maneno 13,915 ya Kiingereza yaliyopimwa kwa daraja 1 hadi 9. Ni hazina kubwa, lakini kuitafsiri tu hakutoshi, kwa sababu Kiswahili huficha hisia hata katika kiambishi: mtu akiitwa kijitu amedharauliwa, akiitwa jitu ametisha. Tena neno moja laweza kuwa na nyuso mbili. Kibanda cha kulala humwinamisha mwenyewe kichwa, ilhali kibanda cha chapati na maharagwe, jijini humo humo, hutajwa kwa mate mdomoni, na mwenye mshahara mnono huacha hoteli akakifuata.

Mkusanyo wa AfriSenti, uliotolewa mwaka 2023, una jumbe zaidi ya 110,000 za Twitter katika lugha 14 za Afrika, Kiswahili kikiwamo, zilizopangwa na wazawa wa lugha hizo kuwa za hisia njema, mbaya au za katikati. Hatua hiyo yastahili sifa, ingawa ujumbe mzima ukipewa alama moja, kisawe kilichochoma ndani yake hakionekani.

Ngozi nayo hutoa ushahidi. Mwaka 2003 Catherine Harris na wenzake waliwapima Waturuki waliojifunza Kiingereza baadaye, wakaona kwamba makemeo ya utotoni yalitikisa ngozi ya vidole zaidi yaliposikiwa kwa Kituruki kuliko kwa Kiingereza. Nami naona haya yanahusu Silanga sana, ambako wengi walikemewa kwanza kwa Dholuo, Kiluhya, Kikamba au Kinubi. Istilahi iliyolainishwa afisini yaweza kuwafikia baridi kabisa, isiwaponye wala isiwaudhi.

Hata jina la mtaa wote halikusalimika. Wanubi, wazao wa askari waliokaa hapo tangu mwanzo wa karne ya 20, husema Kibra, neno lao la msitu, na kwao irabu iliyoongezwa katikati ni dalili ya kusahauliwa. Eneo la bunge lilipoitwa Kibra katika uchaguzi wa mwaka 2013, na hati ya ekari 288 walipokabidhiwa mwaka 2017, herufi moja ilikuwa imebeba madai ya karne nzima.

Enyi watunga kamusi na watengeneza programu za kupima hisia, fikeni Silanga na daraja zenu 7, mwanze na neno kibanda, mkiwauliza wanaolala humo na wanaokula humo.