Viazi vya Nchi za Usiku Mfupi

Wasomaji wetu wakisikia habari za Uswidi, Norwe na Ufini huwaza theluji na samaki. Wachache hukumbuka kwamba huko kiazi ndicho chakula chao kama ugali ulivyo kwetu, nacho si mwenyeji. Asili yake ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini, ambako mchana na usiku hukaribia kulingana, na viazi vya kale vya huko hungoja mchana mfupi ndipo vizae vizuri. Lakini Tromsø, kaskazini ya Norwe, jua halitui tangu mwishoni mwa Mei hata mwishoni mwa Julai. Kiazi cha namna hiyo kikipandwa pale kitastawi majani ya kupendeza, kisha baridi itakikuta hakijazaa kitu cha maana.

Ndiyo sababu kila aina mpya hujaribiwa kwanza. Uswidi na Ufini, zilizo katika Umoja wa Ulaya, haziandikishi aina ya kiazi mpaka ithibitike kuwa ina manufaa shambani na katika matumizi. Hupimwa mavuno, upesi wa kukomaa, wingi wa wanga, na jinsi kinavyokaa ghalani miezi ya baridi. Zaidi ya yote hutazamwa kama chaweza kustahimili bakajani, ugonjwa ule ule ulioanza kuangamiza viazi vya Ayalandi mwaka 1845 na kuleta njaa kuu. Wakulima wa Mbeya na Njombe hawana haja ya kuelezwa ukali wake. Huko Kaskazini jinsi mbili za kimelea chake zimekutana na kuzaana, na mbegu zake hukaa udongoni. Hivyo huzuka vizazi vipya, na aina iliyoshinda mwaka huu yaweza kushindwa baadaye. Kazi ya kujaribu haina mwisho.

Basi aina zenye nguvu zimepatikana, na bado mnunuzi wa Uswidi amezoea kuulizia Bintje, kiazi alichokizalisha mwalimu wa shule wa Uholanzi mwanzoni mwa karne ya 20 na kukipa jina la mwanafunzi wake. Ni kitamu, lakini bakajani hukiangusha upesi mno.

Wako wanaosema mlaji ni mjinga. Sisi hatukubali. Jonas Alströmer alipanda viazi Alingsås katika miaka ya 1720, na wakulima hawakuvikimbilia. Mwaka 1746 Bibi Eva Ekeblad alionyesha kwamba viazi vyatoa unga na pombe kali. Mwaka 1748 akapokewa katika Chuo cha Kifalme cha Sayansi, mwanamke wa kwanza. (Kwamba pombe ilisaidia kuliko hotuba, hatushangai.) Watu walibadilika walipoiona faida mikononi mwao. Hata leo Puikula ya Lapland, isiyo na mavuno mengi, hutafutwa kwa ladha, na jina lake limelindwa na sheria ya Ulaya tangu 1997.

Kwa hiyo twaona kasoro iko sokoni. Mkulima anayenyunyiza dawa tena na tena msimu mzima si mkaidi, hupanda kinachonunuliwa. Wenye maduka makubwa wangeziweka aina mpya mbele ya wateja kwa misimu miwili au mitatu, kwa bei ile ile, jina limeandikwa wazi mfukoni pamoja na maelezo ya kama ni cha kuchemsha au cha kuponda.