Barua pepe zako zinalala wapi? Somo nililolipata Ahero

Wengi wetu hapa Pwani tukisikia Ahero tunafikiria mchele. Mji huu uko katika uwanda wa Kano, kaunti ya Kisumu, kando ya barabara kuu ya Nairobi, na mashamba yake ya umwagiliaji yanavuta maji ya Mto Nyando. Mimi huko nina mume wa dada yangu mdogo. Ana mashine ya kukoboa mpunga, na baadhi ya magunia yake huja kuuzwa katika maduka ya Mombasa, hasa Ramadhani ikikaribia.

Safari yangu ya mwisho sikuitwa kula pilau. "Muamu," aliniambia kwa simu, "njoo na laptopu yako. Kuna watu nawadai na ushahidi sina."

Kisa chenyewe ni hiki. Kabla ya Ramadhani ya mwaka 2024 alipeleka mchele kwa mkopo katika duka moja la Mombasa. Yeye anasema ni magunia 85. Duka likabadilisha mhasibu, na mhasibu mpya akasema daftari lake linaonyesha 60. Magunia 25 si mchezo kwa mtu anayekodi lori na kulipa vibarua. Maagizo yote yalikuja kwa barua pepe, na muamu alikuwa akizisoma kwenye kompyuta ya ofisini. Mvua za masika za mwaka huo zilipofurika, maji yakaingia ofisini na kompyuta ikafa. Tangu hapo anasoma barua kwenye simu, na barua za zamani kwenye simu hazipo. Akaamini zote zimezama pamoja na mashine.

Imani hiyo ilikuwa kweli nusu tu. Nusu ya pili ndiyo iliyonifanya niandike makala haya, maana naona watu wengi wamo katika hali ile ile bila kujua.

Sanduku la posta

Barua pepe haiji moja kwa moja kwenye simu yako. Inafikia kwanza kwenye seva, yaani kompyuta ya kampuni inayokupa anwani, na inakungoja huko kama barua inavyongoja katika sanduku la posta. Programu yako ndiyo inayokwenda kuichukua, na kuna njia mbili kuu za kuichukua.

Njia ya kwanza inaitwa POP, iliyotoka mwaka 1984. Hii ni ya mtu anayefungua sanduku, anabeba barua zote hadi nyumbani na kuliacha sanduku tupu. Njia ya pili ni IMAP, iliyobuniwa na Mark Crispin katika Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1986. Hapa unasoma barua pale pale posta, nazo zinabaki mahali pake. Ukifungua kwa simu, kwa laptopu au kwenye saiba, unaona sanduku lile lile.

POP inaweza kuambiwa iache nakala kwenye seva. Lakini kijana aliyeifunga programu kwenye kompyuta ya muamu hakuiambia hivyo. Kila barua iliyoshushwa ilifutwa kwenye seva, na kwa muda wote huo biashara nzima iliishi ndani ya kompyuta moja, sakafuni, karibu na mto unaojulikana kwa mafuriko.

Zilizofika baada ya gharika, lakini, zilikuwa salama, kwa sababu simu yake inatumia IMAP. Hapo ndipo nikapata tumaini. Mtu akijibu barua pepe, mara nyingi maneno ya barua iliyotangulia hubaki chini ya jibu lake. Huenda agizo la Februari limejificha chini ya barua ya Julai.

Kwa nini programu, si kidole

Utaniuliza, si atafute tu kwenye simu? Angetafuta barua moja, sawa. Lakini sanduku lilikuwa na barua zaidi ya elfu nne, na tulitaka zote zilizotoka kwa duka lile, kwa mpangilio wa tarehe, zihifadhiwe nje ya seva zikiwa katika umbo lake la asili. Picha ya skrini anaweza kuitengeneza mtu yeyote. Barua nzima ina vichwa vinavyoonyesha ilitoka wapi, ilipita seva zipi na saa ngapi. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya kinakubali rekodi za elektroniki mahakamani kwa masharti yake, na hata wazee wakikaa kusuluhisha, hutaka kuona kitu kilichokamilika.

Nikatumia lugha ya Python. Ndani yake mna maktaba iitwayo imaplib. Maktaba katika uandishi wa programu ni mkusanyiko wa kazi ambazo wengine wameshaziandika, wewe unaziita tu kwa majina. Hii inakuja pamoja na Python yenyewe, kwa hiyo hukuwa na haja ya kumaliza bando kushusha kitu kingine. Programu yote ni hii:

```
import imaplib, email
from email import policy
from getpass import getpass

s = imaplib.IMAP4_SSL("seva ya barua yako", 993)
s.login("anwani yako", getpass("Neno la siri: "))
s.select("INBOX", readonly=True)
hali, jibu = s.uid("search", None,
    'FROM "anwani ya duka" SINCE 01-May-2024')
for n in jibu[0].split():
    hali, d = s.uid("fetch", n, "(BODY.PEEK[])")
    barua = email.message_from_bytes(
        d[0][1], policy=policy.default)
    print(barua["date"], barua["subject"])
    with open(n.decode() + ".eml", "wb") as f:
        f.write(d[0][1])
s.logout()
```

Usiogope, nitaipitia. Mstari wenye 993 unabisha mlango wa IMAP uliofungwa kwa usimbaji, ili njiani asiwepo wa kusoma. "login" ni kujitambulisha, na "getpass" inakuuliza neno la siri papo hapo badala ya kuliandika ndani ya faili ambalo kesho utamtumia mwenzako. "search" inaiambia seva itafute yenyewe barua za mtu fulani tangu tarehe fulani, ili usivute elfu nne kwa ajili ya mia mbili. "fetch" ndiyo inayoleta barua, na mistari miwili ya "open" na "write" inaiweka kwenye diski, kila barua na faili lake.

Maneno matatu nakuomba usiyaruke. "readonly=True" inafungua sanduku kwa kusoma tu, kwa hiyo ukikosea huwezi kufuta kitu. "PEEK" ni kuchungulia: bila hilo, na bila readonly, kila barua utakayoileta ingewekwa alama kuwa imesomwa, na mwenye sanduku angepoteza hesabu ya zile mpya. "uid" ni namba ya barua isiyohama. Namba za kawaida hubadilika barua nyingine ikifutwa, na unaweza kudhani umeshika barua ya tano kumbe ni ya sita.

Mwenye bando dogo aanze na "BODY.PEEK[HEADER]", inayoleta vichwa peke yake. Viambatisho kama picha na PDF husafiri vikiwa vimegeuzwa kuwa herufi, na hapo huongezeka uzito kwa takriban theluthi moja.

Tulipokwama, na tulichopata

Mara ya kwanza seva ilinikatalia. Neno la siri lilikuwa sahihi, lakini tangu mwaka 2022 Google haizikubalii tena programu za nje kuingia kwenye akaunti za watu binafsi kwa neno la siri la kawaida. Ilibidi muamu awashe uthibitisho wa hatua mbili, kisha atengeneze nywila maalumu ya programu, yenye herufi 16. Faida yake ni kwamba kazi ikiisha unaifuta nywila hiyo, na lile neno lake kuu hata mimi sikulijua.

Baada ya hapo kazi ilichukua dakika chache. Tulipata barua 212 za duka lile. Tukazisoma usiku baada ya Isha, yeye akitafuna njugu, mimi nikisoma kwa sauti. Katika barua moja ya mwezi wa Julai, karani wa zamani alikuwa akiuliza bei mpya, na chini yake, katika mlolongo wa majibu, kulikuwa na agizo la Februari: magunia 85, na jibu la karani kwamba yamefika salama.

Muamu hakwenda mahakamani. Alimtumia mwenye duka barua ile nzima, akaongeza salamu tu. Mwenye duka akaomba radhi na kulipa kwa awamu mbili. Lakini deni jingine la mwaka 2023, la mteja mwingine ambaye hakuandika tena baada ya mafuriko, hatukupata hata mstari. Hilo lilizama kweli, na muamu ameliacha mikononi mwa Mwenyezi Mungu.

Basi fanya mambo mawili leo. Fungua programu ya barua kwenye kompyuta ya duka, ofisi au madrasa yako uangalie kama inatumia POP. Ikiwa ni POP, hakikisha imeambiwa iache nakala kwenye seva, au hamia IMAP. Kisha chukua nakala ya barua zenye fedha ndani yake uiweke mahali pa pili, mbali na kompyuta ile, kwa sababu akaunti pia hufungwa na nywila husahauliwa.

Na tahadhari moja: fanya hivi kwa sanduku lako, au la mtu aliyekuruhusu na ambaye amekaa hapo nawe. Kuingia katika sanduku la mtu bila idhini ni kosa chini ya sheria ya makosa ya mtandao ya mwaka 2018, na kwetu sisi ni haramu kabla ya sheria yoyote kutungwa.

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana madeni. Muamu na mteja wake waliandikiana. Walichosahau ni kuuliza maandishi hayo yanakaa wapi.